Mnoa Visu na Panga la Talha

Abdulghani ana miaka sitini na minne, na arubaini kati ya hiyo ameimaliza akiendesha baiskeli isiyokwenda popote. Kila asubuhi huisimamisha kwenye stendi yake ya chuma karibu na soko dogo la Bakarani, huko Kisauni, hufunga ukanda kutoka gurudumu la nyuma hadi kwenye cherehe, lile jiwe lake la duara la kunolea, kisha hupanda na kupiga pedeli. Cheche huruka, visu hulia, naye huzungumza. Kusema kweli wateja hulipia mazungumzo, kunoa ni nyongeza. Anajua nani kaposa akakataliwa, na nani kahamia Jomvu Kuu kwa kumkimbia mama mkwe.

Jambo moja tu hafanyi nalo mzaha, nalo ni mapanga. Kisauni ilipitia miaka mibaya, vijana wakitembea makundi makundi na mapanga, wakikata watu kwa sababu ya simu. Siku moja Abdulghani alisikia kwamba muuza maziwa kakatwa mkono, akakumbuka panga alilolinoa jana yake kwa kijana asiyemjua. Hakuna aliyemwambia kuwa ndilo. Wala hakuna aliyemwambia kuwa silo.

Tangu hapo akajiwekea utaratibu wake. Kijana akileta panga, anapokewa kwa bashasha, anaulizwa hali ya mama na ya baba, anaambiwa alifuate kesho. Akishampa mgongo, Abdulghani analinoa, analifunga kwa gazeti na kulipeleka kwao.

"Hodi, hodi wenyewe. Nimewaletea panga lenu, sasa lanyoa ndevu. Mwakata nini nanyi shamba hamna?"

Baada ya hapo kazi si yake tena, ni ya mama, na baba, na shangazi kama yupo, na shangazi huwapo. Mapanga manane yaliishia chini ya vitanda vya wazazi kwa njia hiyo. Habari zikaenea, na mwenye nia mbaya akawa hakanyagi hata ule upande wa soko. Hilo peke yake lingetosha kumfahamisha Abdulghani kwamba anayemletea panga mchana kweupe hana la kuficha. Lakini mtu akishasifiwa sana kwa werevu, huacha kuutumia.

Alhamisi moja alikuja Talha, mtoto wa Bi Fatma, kijana wa miaka ishirini na moja. Mwaka mzima Talha alikuwa hatoki maskani, pale kona ya vijana penye sifa mbaya, mpaka baada ya Ramadhani alipoachana nao na mama yake akaanza kulala usingizi. Sasa alikuwa na panga mkononi.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Wataka kukata nini?"

"Utajua, inshallah," akasema Talha. Akatazama chini, akaondoka upesi.

Abdulghani hakungoja hata adhuhuri. Alipobisha kwa Bi Fatma na kufungua gazeti, mama wa watu alikaa chini palepale kizingitini. Alilichukua panga, akalitia sandukuni, akageuza ufunguo mara mbili. Na kwa kuwa Abdulghani ana sauti ya kushindana na cherehe, nyumba tatu za jirani zilisikia kila kitu. Talha aliporudi jioni mama alimwuliza, "Mimi nimezaa nini?" Kijana akavaa viatu vyake, akarudi maskani.

Kesho yake baada ya swala ya Ijumaa, Mwarandu alikuja kunoa panga lake. Huyu ni msimamizi wa vibarua, mtu wa Kilifi mpole, mteja wa miaka mingi.

"Nimepata kiwanja cha kufyeka Nyali," akasema Mwarandu, "mwezi mzima, na baadaye kuna bustani za kutunza. Nimemchukua kijana wa hapa kwenu, Talha wa Bi Fatma. Nimemwambia kesho saa kumi na mbili na nusu awe getini na panga lake, liwe na makali. Asipotokea nachukua mwingine, wako wengi."

Miguu ya Abdulghani ilisimama juu ya pedeli. Ilimjia aibu ambayo hakuwahi kuijua tangu apigwe viboko madrasa. Kijana alikuwa ameshika adabu ya pwani, ile ya kutotangaza riziki kabla haijaingia mkononi, watu wasije wakaitia kijicho. Na yeye, mtu mzima, mwenyeji wa pale, hakulifikiria.

Alimpa Mwarandu panga lake bure, akaiacha baiskeli kwa muuza nazi, akaenda kwa Bi Fatma.

"Nimekukosea, dada yangu, nami nimemkosea mwanao," alisema, akaeleza yote.

Bi Fatma alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwenye kosa ni wewe, na mimi ni zaidi," akasema. "Wewe ulimuuliza swali. Mimi nilimpa hukumu." Akafungua sanduku.

Maskani, vijana sita walikuwa wamekaa juu ya tofali na Talha katikati yao. Walipomwona mzee anakuja na kitu kirefu ndani ya gazeti walinyanyuka wote. Abdulghani alitaka kumwita Talha pembeni. Akaona haifai, maana yeye alimvunjia heshima mbele za watu.

"Talha, mwanangu, nilikudhania ubaya, na hukuwa nao. Nakuomba msamaha hapa, hawa wakisikia."

Hakuna aliyecheka. Wale vijana walikuwa hawajapata kuona mzee akimwomba msamaha kijana, wakawa hawajui pa kuweka macho. Talha alishika gazeti, akalirudisha.

"Nimekusamehe, ami. Lakini hata nikilichukua nitapita nalo wapi? Mimi nikitoka hapa na panga, sifiki hata Frere Town hapo njiani. Nitapigiwa mayowe ya mwizi kwenye nyumba ya pili."

Ulikuwa ukweli mtupu, na mchungu. Kisauni nzima kijana akionekana na panga, watu hawaulizi kama anakwenda kufyeka. Abdulghani alijikuna kidevu.

"Litakwenda na mimi," akasema. "Mimi natembea na visu miaka arubaini. Nani kanipigia mayowe, ila wake zangu?"

Basi Jumamosi baada ya alfajiri watu wa Bakarani waliona ajabu: Talha mbele mikono mitupu, na nyuma yake Abdulghani kwenye baiskeli inayokwenda kweli, cherehe imefungwa mbele, panga ndani ya gunia nyuma, kengele ikilia bila sababu. Walifika getini saa kumi na mbili na dakika ishirini. Mwarandu alipoambiwa kisa kizima alicheka mpaka akashika mti.

Wiki ya pili gunia lilikuwa na mapanga manne. Vijana watatu wa maskani walikuja mmoja mmoja kuuliza, wakijifanya wanauliza bei ya kunoa, na Mwarandu akawachukua. Akaja Purity, binti wa bara anayefanya kazi na kamati ya amani, ana karatasi za kuandika vitu vya mtaa vinavyowaepusha vijana na ugomvi. Alikuwa keshaandika ukumbi, uwanja wa mpira, madrasa, kanisa na karakana ya useremala. Akamwuliza Abdulghani kundi lake lina wanachama wangapi.

"Mmoja," akajibu, "na baiskeli."

Purity aliandika hivyohivyo.

Jumatatu ya wiki ya tatu, Abdulghani alipopiga kengele kwa Bi Fatma, Talha alitoka na panga mkononi, halina gazeti wala gunia.

"Ami, leo nitalichukua mwenyewe."

Abdulghani alitamani kukataa. "Haya, tangulia," akasema. "Mimi nina wateja Nyali." Ulikuwa uongo. Nyali kisu kikiwa butu wananunua kingine.

Alimfuata kwa mbali. Talha alipita taratibu, panga limeelekea chini, akitoa salamu kila baraza. Wengine waliitikia, wengine walisita. Karibu na Frere Town yupo Kache, muuza mahamri, mwanamke ambaye zamani akiona kijana na panga alikuwa akiwavuta wanawe nyuma ya jiko. Aliliona panga, kijiko kikabaki hewani. Abdulghani alifunga breki.

"Talha," akasema Kache, "wapita hivyo bila chai? Wenda kazini na njaa?"

Talha aliliweka panga juu ya benchi, kando ya chupa ya chai, akaketi. Kache akammiminia, na watoto wake wakaja kuugusa mpini wake.

Abdulghani alilia palepale barabarani, mtu mzima na cherehe yake, wala hakuona haya. Kisha akaigeuza baiskeli akarudi Bakarani, maana Nyali hakuwa na mteja hata mmoja.