Binti Yangu Alipewa Tuzo Ng'ambo, Kijana wa Watu Akarudishiwa Mbuzi

Admin, jina langu usiliweke. Mimi ni nyanya wa miaka sabini na moja, upande wa Matinyani. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hivyo anayetaka kucheka mwandiko acheke sasa amalize.

Huku kwetu kijana akiiba, sisi wamama wa mwethya, kile kikundi cha kulimiana, hatuwachi achomwe. Analima shamba la aliyemwibia, sisi tukilima naye, halafu hao wawili wanakula sahani moja. Wakishakula, hiyo habari imekufa. Anayeitaja tena ndiye mkosaji, na yeye atashika jembe.

Binti yangu anafundisha chuo kikuu, mambo ya uhalifu. Alikuja akakaa na sisi, akaandika vile tunafanya, na huko ng'ambo wakampa tuzo kubwa ya dunia ya watu wa hiyo kazi. Nilijivuna, sidanganyi. Kumbe siku ya kupewa alionyesha video, na ndani yuko kijana mmoja aliyewahi kuiba mbuzi, uso wazi kama wa kitambulisho. Kanisa letu likaisambaza kwa simu kumpongeza binti, ikafika Kibwezi kwa wakwe wa huyo kijana. Mbuzi za ntheo alizopeleka kuposa zikarudishwa. Alikuja kwangu akakaa, hata hakulia. Akaniambia, "Nyanya, mlisema imekufa."

Nikampigia binti. Eti kijana alikubali, alitia sahihi, na tena video inamsifu vile amebadilika. Nikamwambia wakwe hawakuona amebadilika, waliona mwizi. Nikamwambia aje alime shamba la huyo kijana mbele yetu sote. Akasema, "Mwaitu, mama yangu, mimi ni profesa. Watu watanionaje na jembe?"

Watamwona ametoka kwangu, ndivyo watamwona. Hilo jembe ndilo lilimsomesha.

Sasa wamama wananiangalia tu. Mimi ndiye huwafokea wakificha watoto wao, wote wanaujua mdomo wangu. Nikimwita binti mbele yao, atakasirika asikanyage kwangu tena, na ndiye mtoto pekee nimebaki naye. Nikinyamaza, mtoto wa mwingine akiiba kesho nitamwambia nini mama yake? Na msiniambie niombe, nimeshaomba. Nishaurini: nimwite, ama nimfiche?