Fisi Maji Aliyefundishwa Kuamkia

Nilimfundisha kitu kimoja tu, na nilijivuna kuliko mwalimu aliyefaulisha darasa zima. Fisi maji wangu alikuwa akisimama kwa miguu ya nyuma ukingoni mwa bwawa la saruji, anakutanisha viganja na kuinamisha kichwa, kama Wafipa, wenyeji wa huku, wanavyowaamkia wakubwa wao. Wateja wa mgahawa wangu hapa Sumbawanga walicheka mpaka chai ikapoa. Mimi ni mtu wa Mbeya, biashara iko damuni, na kuona watu wanaiacha migahawa ya wenzangu na kuja kwangu kulinipa kiburi.

Nilimpata angali mdogo. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika walimkuta kwenye wavu, ubavuni mwa mama yake aliyekwisha kufa, wakanipa. Kibali sikuwa nacho, na wala sikuuliza. Tena kuna jambo wateja hawakulijua: asubuhi sikuwa nikimlisha. Fisi maji aliyeshiba haamkii mtu.

Siku moja mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Kate, kijiji cha Wafipa. Nilimwekea kiti karibu na bwawa, nikitaka apate cha kusimulia kijijini kuhusu mkwe wake. Nikainua dagaa mmoja juu. Yule mnyama akasimama, akakutanisha viganja, akainama.

Mama mkwe hakucheka. Alijiweka sawa kitini, akapiga makofi taratibu, akaitikia.

"Marahaba. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Mama hajambo?"

Akangoja jibu, maana kwao salamu haiishii njiani. Wateja wakaacha kutafuna. Kisha akanigeukia.

"Baba, mama yake yuko wapi?"

Nikamwambia alifia kwenye wavu.

"Na wenzake?"

"Wako ziwani, mama."

"Mtu anaamkia kwa heshima. Huyu anaamkia kwa njaa. Mpe hicho kidagaa, baba."

Nilimpa. Aibu ilinichoma hadi masikioni, na hasira pia, kwa kuwa ukweli niliambiwa mbele ya wateja. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaenda mwenyewe kwa afisa wanyamapori. Alinigombeza vya kutosha, halafu akaniambia jambo lililonitisha kuliko mahakama: tukimrudisha ziwani hajui kuwinda, atakufa kwa njaa.

Basi, kwa ruhusa yake, nikaanza kumfundisha upya, mimi nisiyejua hata kuogelea. Nilileta perege wadogo walio hai kutoka kwa mfugaji mmoja wa Mollo, nikawamwaga bwawani, nikajificha nyuma ya dirisha la jikoni. Wiki ya kwanza alisimama ukingoni, viganja pamoja, akiwaamkia samaki. Nililia, sioni haya kusema. Mke wangu alificha dagaa wote ili huruma yangu isije ikamponza. Wiki ya pili alimrukia perege mmoja, akamkosa. Ya tatu nikakuta magamba ukingoni, nikaenda kumwamsha mke wangu aje kuyaona. Wateja walikuwa wamepungua, na waliobaki walikunywa chai yao ingali ya moto.

Afisa aliporidhika, tuliteremka naye mpaka ziwani, kwenye ghuba yenye matete, mbali na nyavu. Nikafungua kreti tuliyombebea fisi maji. Alinusa upepo, akaingia majini, akapotea. Tulingoja. Nikawa natafuta maneno ya kumwambia mama mkwe endapo mnyama asingeibuka.

Akaibuka mbali, akapanda juu ya jiwe, mdomoni ana samaki mkubwa kuliko yeyote niliyewahi kumpa. Nilitaka kumwita, nikajizuia. Alitutazama kidogo, akatugeuzia mgongo, akaanza kula kuanzia kichwani. Maishani mwangu sijawahi kupewa mgongo nikafurahi vile.