Mawe Yaliyoelea

Kwenye mialo ya Segese, tunakooshea dhahabu, watu walikuwa wakinitafuta niwatazamie mawe. Mtu akitoka duarani, yaani kwenye shimo la machimbo, na kiroba chake, kabla hajakipeleka karashani kikasagwe, aliniletea vipande viwili vitatu. Nilivilowesha kwa ulimi, nikavigeuzageuza juani, nikasema, "Hili lina kitu," au, "Baba, hapa umebeba kokoto za kujengea." Wengine walinuna, lakini wiki iliyofuata walirudi. Sina maneno matamu na sikuwahi kuyahitaji, kwa sababu nilikuwa na macho. Ndiyo maana habari hii inanitia aibu mpaka leo.

Maumivu yalinianza baada ya mavuno ya mpunga, upande wa kulia chini ya mbavu, kila nilipokula chakula cha mafuta. Yalianza kama kiungulia, yakapanda mgongoni hadi begani, nikainama, nikatapika, nikasubiri yapite. Kwa mwaka mzima niliyaita vidonda vya tumbo, kwa kuwa vidonda vya tumbo dawa yake iko dukani na haiulizi maswali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi mume wangu ndiye aliyeniumbua. Ni dereva wa lori la mchele, mtu mpole asiyenibishia, na siku moja alinikuta nimeng'ang'ania mlango wa choo, siwezi kutoka wala kurudi ndani. Alinipakia kwenye lori, tukaenda Kahama.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Aliniamkia shikamoo huku akinipaka ute wa baridi tumboni, kisha akanigeuzia kioo cha mashine.

"Unaona hapa, mama? Huu ndio mfuko wa nyongo. Hivi vyeupe vyenye kivuli nyuma yake ni mawe. Yapo matano. Hili kubwa linafika ukubwa wa harage."

Nilikodoa macho. Maisha yangu yote nimetafuta mawe ardhini, kumbe mengine nilikuwa nayo.

"Dawa yake ni ipi?" niliuliza.

"Vipo vidonge vinavyoyeyusha mawe madogo, yale laini. Unameza miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, na ukiacha mara nyingi yanarudi. Kwa haya yako sikudanganyi, mama, sina imani navyo. Ningekushauri tuutoe mfuko wenyewe. Mtu anaishi vizuri tu bila huo mfuko."

"Kuutoa kwa kukata?"

"Kwa upasuaji, ndiyo."

Hapo masikio yangu yaliziba. Mdogo wangu, mtoto wa mwisho kwa mama, aliingia chumba cha upasuaji kujifungua. Mimi na mama tulikaa chini nje ya mlango, tumenyoosha miguu, tunakula karanga, tunabishana mtoto atafanana na nani. Kitanda kilipotoka, shuka lilikuwa limevutwa mpaka juu ya kichwa. Mama hakulia papo hapo. Alilishika lile shuka akalirudisha chini, akamfunika mwanawe mpaka kifuani, kama mtu anayerekebisha kosa la wauguzi. Tangu siku ile, nikisikia neno upasuaji, naliona shuka.

Nilimwambia daktari kwamba nitafikiri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbia.

Mnada wetu hufanyika mara moja kwa wiki. Upande mmoja ng'ombe na mbuzi, upande wa pili mitumba, na katikati watu wa dawa na spika zao. Mmoja wao alivaa koti la suti na ndala, na mezani alikuwa na chupa iliyojaa vibonge vya rangi ya kijani. Mawe ya nyongo, alitangaza, yaliyotolewa na dawa yake bila wembe. Aliponiona nimesimama sana, akashusha spika.

"Mayu," akaniita, kama tunavyowaita akina mama huku Usukumani, "kisu cha nini? Jioni unakunywa, asubuhi unayaona mawe yako kwa macho yako mwenyewe."

Daktari hakuniahidi chochote. Huyu aliahidi yote, tena kwa spika. Nilirudi nyumbani na unga wa mizizi, chumvi ya haluli, na maelekezo ya kuvinywa pamoja na mafuta mengi ya kula na maji ya ndimu.

Ujuzi wangu nao ukanisaidia kupotea. Mwalo ni ubao ulioinamishwa, umetandikwa magunia. Unamwaga unga wa mawe juu, unapitisha maji, taka zinashuka. Nikajiambia tumbo nalo ni njia, linachotaka ni maji ya kutosha na mteremko. Nilimchorea mume wangu hesabu hiyo mezani kwa kidole chenye mafuta. Akatazama ule mchoro muda mrefu.

"Wewe ndiye unayejua mawe," akasema.

Jioni ile nikanywa vyote, na asubuhi yake, baada ya kuharisha usiku kucha, mawe yalitoka. Nilikuwa nimeweka beseni la maji. Yalikuwa ya kijani, kama thelathini hivi, mengine kama njegere, mengine kama karanga. Nilipiga vigelegele peke yangu chooni. Niliyachota kwa chujio la chai (halikurudi tena jikoni, msiogope), nikayakausha kivulini, nikayaweka ndani ya kopo la majani. Majirani walikuja kuyaona. Mama mmoja anayeuza maandazi pale mialoni, naye akiwa na maumivu kama yangu, alikwenda kununua dawa ileile kwa maneno yangu.

Niliyachota kutoka juu ya maji. Nasema tena, juu ya maji, yalikuwa yanaelea. Niliona. Mtoto wa miaka mitano pale Segese angeniambia jiwe halielei. Mtu yeyote angeniletea kitu kama kile nikitazame, ningemfukuza na matusi juu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye hofu hata akiambiwa hatazami. Nilifunga kopo na sikutaka kulifungua tena, na kila aliyeomba kuyashika mawe yangu nilimwambia aache, yataharibika.

Wiki ya saba maumivu yalirudi, nikiwa kazini, mchana kweupe. Nililala chali juu ya tope nikahisi mtu ananipasulia mwamba chini ya mbavu. Yalipotulia kidogo nilienda nyumbani, si mbali, nikalichukua lile kopo. Nilipolifungua lilinuka mafuta yaliyochacha. Nikarudi nalo mialoni, nikateka maji kwenye karai, nikamwaga.

Yalielea yote. Nikalichukua moja nikalibana kwa vidole viwili. Likapondeka kama sabuni. Jingine nikaliweka juu ya bati lililopigwa na jua, na kabla sijamaliza kunawa lilikuwa limeyeyuka, limeacha doa la mafuta. Yalikuwa mafuta yangu mwenyewe, niliyoyanywa kwa mkono wangu, yakagandishwa na tumbo.

Ndipo nikakumbuka sehemu ya pili ya kazi yangu, ile niliyoiruka nilipokuwa nachora mezani. Kwenye mwalo kinachoondoka na maji ni tope. Kizito hubaki palepale kwenye gunia. Nilikuwa nimeharisha kila kilicho chepesi, na yale matano yalikuwa yamekaa yanangoja. Nikakaa kwenye maji machafu, nikaogopa waziwazi, bila kujificha, kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze. Nilimwita yule mama wa maandazi aje atazame karai. Alitazama, akanitazama mimi, akaenda zake bila kuaga. Nilistahili.

Jioni ile nilikuwa na homa na nikalazwa Kahama. Daktari yuleyule alinibonyeza chini ya mbavu nikapiga kelele ambayo naona haya kuikumbuka.

"Mfuko umevimba," alisema. "Dripu na sindano zitatuliza, mama, hilo naweza kukuambia kwa uhakika. Baada ya hapo ni uamuzi wako. Unaweza kwenda nyumbani na dawa. Lakini maumivu haya yatarudi, na siku mfuko ukitoboka ukiwa huko mbali, sijui kama utatufikia."

"Na nikikatwa?"

"Hatari ipo. Ni ndogo, lakini siwezi kukuambia haipo."

Nilimchukia kwa kusema kweli. Siku tatu nililala nikitazama mlango wa wodi. Kila kitanda chenye magurudumu kilipopita niliangalia shuka limeishia wapi. Kifuani, nikapumua. Shingoni, nikainuka kitandani kuhakikisha. Homa ilishuka, maumivu yakaisha, na hapo ndipo ilipokuwa mbaya zaidi, maana mwili ulianza kunidanganya kwamba nimepona. Nikaanza kupanga safari ya kurudi nyumbani. Nilishafunga hata khanga zangu kwenye mfuko.

Mama aliwasili siku ya tatu kutoka kijijini, upande wa Shinyanga, kwa basi la asubuhi. Mama yangu Kiswahili chake anakitumia na karani wa mnada tu. Hata salamu hakumaliza. Alikaa kitandani, akaona ule mfuko wa khanga, akatabasamu.

"Vizuri," akasema kwa Kisukuma. "Twende nyumbani. Nilishamwambia Mungu, mmoja aliyemchukua amenitosha."

Hicho ndicho nilichotaka kusikia tangu siku ya kwanza. Mama mzazi amekataa, nani atanilaumu? Nilishateremsha mguu mmoja sakafuni. Kisha nikayaona yale matano ya kwenye kioo, meupe, kila moja na kivuli chake.

"Mama, tukienda nyumbani yatabaki," nilisema.

"Utakunywa dawa."

"Nimekunywa. Nilijidanganya, na nilijua najidanganya. Mama, ninaogopa. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku duara lilipowafukia watu nikiwa hapo juu. Lakini haya hayatoki yenyewe."

Aliinuka akasimama dirishani, akanipa mgongo. Niliomba fomu, nikaisaini kwa mwandiko uliopinda mpaka muuguzi akaniuliza kama najua kuandika. Nilimjibu vibaya. Mama alikuwa bado dirishani.

Kesho yake walinivua hereni na shanga, wakanivika gauni la kijani lililofunguka nyuma. Mume wangu alitembea kando ya kitanda akishika chuma chake, anakisukuma kana kwamba wauguzi hawajui kuendesha. Mama alitufuata kwa mbali. Tulipofika mlangoni aliketi chini, akanyoosha miguu, vilevile. Nilitaka kumwambia asikae hivyo. Mlango ukafungwa.

Ndani kulikuwa na baridi na taa nyingi. Mtu mwenye barakoa aliniambia nihesabu kuanzia kumi kurudi nyuma. Nilihesabu huku namwomba Mungu na huku nafikiria kushuka kukimbia, gauni wazi hivyohivyo. Nakumbuka nilifika saba.

Kilichorudi kwanza kilikuwa kiu. Halafu maumivu, mapya, ya juujuu, ya kidonda. Halafu nikahisi mtu amenishika mguu chini ya shuka, kwa mikono yote miwili, anaupapasa unyayo kuona kama una joto.

"Ameamka, mama," nilisikia mume wangu akisema.

Yule aliyeshika mguu hakumwamini. Aliubana zaidi, akaita. Jina aliloita halikuwa langu. Aliita jina la mdogo wangu, taratibu, kama alivyokuwa akimwita aje kula. Nilifungua macho nikaona mume wangu ameshafungua mdomo amsahihishe. Nilimkazia jicho, akanyamaza. Mama akaita tena, na safari hii sauti ilipanda, imejaa hofu, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto huku maji yanajaa. Koo langu lilikuwa kavu, na nilipovuta pumzi kidonda kilinichoma.

"Abee, mama," nikaitika.