Siku Nilipomfungua Kuku Mabanzi

Mkasa huu siwezi kuusimulia mbele ya waliokuwepo, kwa sababu hawaningojei nimalize, nikifika tu kwenye kuku wanaanza kushikana mabega na kufuta machozi. Nyinyi hamkuwepo, basi acheni nijivue nguo mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana wao wananiongezea hatua.

Ulikuwa mwaka ule tuliohamia kijiji kipya cha ujamaa, huku kwetu Handeni, kila mtu abomoe kwake, abebe mabati yake, akajenge kwenye mstari. Mimi mabati niliyahesabu yakiwa juu, kumi na mawili. Nikayashusha, nikahesabu chini, kumi na moja. Sasa mtu mwingine angeuliza kwanza, mimi nikapanda tena juu kuangalia kama lipo lililobaki, boriti ikakatika, nikashuka bila ngazi, na muundi wa mguu wa kulia ukavunjika kwa sauti niliyoisikia vizuri sana. (Bati la kumi na mbili mke wangu alikuwa amelikalia.)

Hospitali iko Korogwe, na mvua zilikuwa zimekata barabara. Kijijini tulikuwa na zahanati na tabibu kijana, Mshambaa wa Dindira, mtu mpole, akanipapasa mguu akasema, "Umevunjika lakini haujapinda. Plasta sina. Nenda kwa Bi Zuhura, anafunga kuliko mimi." Mimi hapohapo nikaanza kushuku. Tangu lini fundi akamsifu fundi mwenzake bure?

Bi Zuhura alikuwa bibi mmoja mfupi, mwunga mifupa tangu ujana wake, na utaratibu wake kila mtu anaujua: unaleta kuku kutoka nyumbani kwako, anamvunja mguu uleule uliovunjika wewe, anamfunga mabanzi ya mianzi na majani yaleyale anayokufunga wewe, na kuku anakaa kwako. Kuku akisimama, bibi anakuja kukukagua.

"Shikamoo bibi," nikamwambia. "Siku ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Arobaini."

"Nipunguzie. Thelathini."

Akaniangalia. "Mwanangu, mfupa siuuzi mimi."

"Basi thelathini na tano, na kuku awe jogoo, huyu mtetea anataga."

"Huyuhuyu," akasema, na kabla sijajibu kuku wangu mweupe mwenye kishungi alikuwa ameshalia mara moja.

Sasa lazima mwelewe, mimi kazi yangu ilikuwa kununua kuku huku vijijini na kuwapeleka Korogwe stesheni, na hakuna hila ya kuku nisiyoijua, maana nyingi nimezifanya mwenyewe (kuku aliyeshindiliwa pumba na maji asubuhi, hadi saa nne ana kifua cha bata). Mtu wa namna hiyo ukimwambia kuku ndiye atakayesema lini atembee, hapati usingizi.

Nikawa nahesabu. Mkaa ukutani mimi, punje za mahindi kwenye kikombe mke wangu, jioni tunalinganisha. Siku ya kumi na nane kuku akasimama. Kwa miguu miwili, anachakura! Mimi wangu nikiugusa chini naona nyota mchana. Dawa ileile, mianzi ileile, siku zilezile, yeye anachakura na mimi nimelala kama gunia. Nikasema hapa kuna mchezo.

"Nataka nimchungulie tu," nikamwambia mke wangu.

"Baba Rehema, bibi amesema kifungo kisiguswe."

"Ndiyo maana nataka kukigusa."

Kufungua kwenyewe ni jambo dogo, uzi mmoja tu. Nikapapasa, na pale palipovunjika nikakuta kinundu kigumu, kama punje ya mbaazi chini ya ngozi. Siku ya kwanza hakikuwepo, naapa, kuku wangu nawajua miguu. Nikafungua na wangu. Nikapapasa muundi. Kipo! Kikubwa, kama nusu ya limau, kimeng'ang'ania mfupa.

Hapo akili ya biashara ikafanya hesabu yake haraka sana na ikakosea vizuri sana. Nikasema huyu bibi ametupachika kitu, kuku na mimi, jiwe au kipande cha mti, mguu usipone sawasawa nirudi kwake maisha yangu yote. Nikajifunga tena mabanzi mwenyewe, kwa fundo ninalofungia tenga la kuku, na sikumwuliza bibi, wala tabibu, kwa kuwa nilishaamua lao ni moja. Nikangoja mkutano wa kijiji.

Mkutano ulikuwa keshokutwa yake, mbele ya ghala, watu wote wapo. Mwenyekiti akapitia mbolea, akapitia choo cha shule, mimi nimekaa na fimbo yangu na kuku kwapani, hadi akasema, "Mengineyo?"

Nikanyoosha mkono. Ningeweza kuushusha, jamani.

"Ndugu wananchi," nikasema, "katika kijiji hiki kuna mtu anapanda vitu ndani ya miili ya watu." Bi Zuhura alikuwa mstari wa mbele na wanawake wenzake, anasuka ukili, hakuinua hata uso. Nikamtaja. Wanawake wakaguna. Mmoja akapiga kelele, "Aibu! Bibi yako huyo!" Nikapandwa na hasira, nikasema shikeni wenyewe basi, nikaangusha mabanzi, nikatupa fimbo, na nikaenda hadi mbele ya meza ya mwenyekiti kumwonyesha kinundu.

Nikaenda. Kwa miguu. Hatua tano (mkisikia saba, huo ni uongo).

Mwenyekiti akaangalia fimbo ilipo, akaniangalia nilipo. "Ndugu Athumani," akasema taratibu, "shamba la kijiji tumekusamehe karibu wiki tatu. Kwa ajili ya mguu upi?"

Kicheko kile sijakisikia tena mpaka leo. Na mimi badala ya kunyamaza nikabishana na kicheko: nikamtaka tabibu apasue mguu wa kuku hapohapo, jiwe lionekane. Tabibu akamtazama Bi Zuhura, na bibi akasema maneno yake ya kwanza siku ile: "Kuku ni wake. Mchinjeni."

Akachinjwa. Tabibu akachambua nyama kwa kisu kidogo, akainua mfupa, watu wakasogea. Vipande viwili vilivyokuwa vimevunjika vilikuwa vimeshikana, na pale vilipoungana pamezungukwa na kitu kigumu cheupe, kama mchwa walivyojenga udongo kuzunguka mti. Akakikata katikati. Hakuna jiwe, hakuna mti. Nje kinakwaruza kisu, ndani bado kuna sehemu laini yenye kung'aa.

"Hii laini mnaijua," akasema. "Ni gegedu, ile ncha ya kidari wanayogombania watoto. Mfupa ukivunjika damu inaganda pale, na kutoka kwenye utando wa mfupa na kwenye uboho ulio ndani yake zinakuja chembe changa, ndogo huzioni kwa macho, ambazo hazijawa kitu bado. Chembe hizo zinaweza kuwa mfupa, zinaweza kuwa gegedu, nyingine zinaishia kuwa mafuta au kano. Ukoo mmoja."

"Na nani anazigawia kazi?" nikauliza, maana nilikuwa bado namshuku.

"Mwenyekiti!" mtu akadakia nyuma, na watu wakaanguka tena.

Tabibu alicheka kidogo. "Mahali zilipofikia. Penye damu ya kutosha na pasipotikisika, zinakuwa mfupa moja kwa moja. Katikati, damu haba na panacheza, zinakuwa gegedu kwanza, zinashikilia tu kwa muda, halafu mfupa unaingia kidogo kidogo kuchukua nafasi. Kuku ni mdogo, wake unawahi. Wako…" Akautazama mguu wangu uliokuwa umesimama peke yake bila banzi. "Wako bado ni gegedu. Nani amekuruhusu kuukanyagia?"

Hapo ndipo maumivu yaliponifikia, yote kwa pamoja. Nikakaa chini mbele ya kijiji kizima, pembeni ya manyoya ya kuku wangu, na nilichokuwa nakiogopa siyo kicheko tena. Niliogopa sitatembea. Mchuuzi asiyetembea ni nini?

Wakanibeba kwa kitanda. Bi Zuhura alikuja nyuma yetu, akaketi, akapapasa muundi kwa muda mrefu. Umepinda, kidogo, kwa upana wa kidole. Akaunyoosha kiasi ulivyokubali na sitawaeleza nililia namna gani. Alipomaliza kufunga nikamwomba radhi, na nikamwambia nina jogoo, nina mitetea mingine miwili, achague, na sitaomba kupunguziwa hata siku moja.

"Kuku sivunji tena," akasema. "Yule amevunjwa kwa ajili yako, akafunguliwa kwa ajili yako, akachinjwa kwa ajili yako. Yatosha."

"Sasa bibi, nitajuaje kama mfupa umekaza?"

"Hutajua. Nitakuja nikwambie simama, nawe utasimama."

Zikapita siku nyingi kuliko arobaini. Kifungo sikukigusa, mikono nikawa naikalia. Asubuhi moja akaingia, akafungua, akabonyeza kile kinundu kwa kidole gumba hadi nikadhani kitatoboka, akarudi nyuma hatua tatu. "Simama." Nikatafuta kwa macho kitu cha kunithibitishia, kuku, tabibu, chochote, hakipo, yupo bibi mfupi mwenye mikono inayonuka majani, niliyemwita mchawi mbele ya watu wote anaowaganga. Nikasimama. Mguu ukanibeba.

Tangu hapo nachechemea kidogo, na kinundu kimepungua lakini hakijaisha. Kwenye biashara nashuku kama zamani, msijidanganye. Ila mtu akishanifunga, sifungui.