Bibiche na sauti ya Mama Kuku

Bibiche anasukaka nywele hapa Majengo, na mbele ya siku ile mimi sikuwa namuhesabu kuwa kitu. Nasema ukweli, mimi Adalbert, mwenye kutia sauti filamu za kartie hii, mutaa wetu, tangu miaka kumi na nne. Filamu zinakuja na luga za watu. Mimi nakamata mikro, nazigeuza Kiswahili chetu, nacheza wanaume, wanawake, mpaka mbwa. Kwa wanawake nabana pua tu. Watu wanacheka, mambo yanaisha.

Kila Jumapili kisha misa, ndani ya chumba changu cha video, tunaonesha katuni za zamani, zile zisizosema, zina muziki tu. Inayopendwa zaidi ni ya Papa Jogoo na Mama Kuku. Papa Jogoo anarudi nyumbani, anakuta chakula hakijaiva, anakamata mwiko, anamukimbiza bibi yake mpaka juu ya paa. Mama Kuku nilikuwa namupa maneno yale yale: "Yoo! Bwana wangu, nisamehe!" Kicheko kilikuwa kinatikisa mabati.

Bibiche peke yake ndiye hakuwa anacheka. Anasimama kwenye mulango, kitana kimechomekwa ndani ya nywele, ananiambia: "Papa Adalbert, huyu mama wako hana ulimi? Wamama wa katuni zako wote wako hivyo. Wanalia, wanazimia, wanabebwa kama mifuko ya makala ya kupikia!"

Namujibu: "Enda kasuke, mama. Ni katuni."

Anasonya, anapita. Ana mudomo, huyo mama! Lakini wateja wanakaa kati ya magoti yake saa nzima nzima, wanamwaga yote ya moyoni, na siri ya mutu hakuwahi kuitoa nje. Hiyo sifa lazima nimupe.

Jumapili moja sauti yangu ikapotea kabisa kwa mafua. Watu wameshajaa, wanapiga miguu chini. Bibiche akaninyanganya mikro hata sijakubali. "Leo Mama Kuku ataongea," akasema. Nikakaa karibu na televizio, nangojea aaibike.

Akaanza vizuri, tena vizuri kunishinda. Mama Kuku akalalamikia foleni ya maji, akamusema Papa Jogoo na harufu ya pombe yake, watu wakapiga makofi. Kisha Papa Jogoo akakamata mwiko. Sasa, katika kazi yetu hakuna karatasi ya maneno. Mudomo unafuata picha, unasema kile kilicho karibu. Na kilichokuwa karibu na Bibiche ni ukuta wa mbao unaotenganisha nyumba yake na ya jirani zake, Luc na bibi yake Daniella. Mbao hazifichi kelele.

"Piga," Mama Kuku akasema, polepole. "Piga tu. Kesho nitawaambia watu kwamba niliteleza kwenye mawe ya volkano. Hata jino hili nilisema ni mawe. Na wewe utaenda kuimbisha korali kanisani."

Yesu Maria! Jino lile tulilijua wote. Daniella mwenyewe alituonesha pengo, akicheka, eti ameteleza siku ya mvua. Tulimupa pole. Mimi hata nilimutania! Na mwenye kuimbisha korali yetu ni mumoja tu, Luc, na alikuwa amekaa mustari wa kwanza na suti yake ya misa.

Bibiche akashituka amechelewa. Akafunika mudomo kwa kiganja, macho yamemutoka. Daniella alikuwa amemwapisha asiseme, na mwaka mzima hakusema. Sasa neno limemuponyoka mbele ya watu mia.

Luc akasimama. Hakupiga kelele. "Adalbert, zima hiyo kitu. Daniella, twende nyumbani."

Wote tulijua sasa ni nini kinamungojea huko. Na mukono wangu, naona haya kulisema, mukono wangu ulikuwa tayari kwenye kifungo cha kuzima.

"Usizime, Papa Adalbert."

Ni Daniella, kwenye benchi ya nyuma kabisa. Akapita katikati ya watu, wakimupisha magoti. Nilidhani anaenda kumupiga Bibiche kofi. Bibiche naye alidhani hivyo, akainamisha kichwa. Kumbe Daniella anamunyooshea mukono. Bibiche akamupa mikro.

Kuku alikuwa akikimbia bado juu ya paa. Hakuna aliyecheka.

"Si jino tu," Daniella akasema, akimwangalia bwana yake usoni. "Kaeni, niwaambie yote. Na mimi leo sirudi. Mwenye kunipenda atanisindikiza kwa mama yangu, kule Kanyaruchinya."

Luc akanigeukia, akanioneshea televizio kwa kidole, eti nizime. Nikaongeza sauti ya mikro mpaka mwisho.