Mikaba ya Maman Anto

Mwanangu, hii habari itanionyesha mujinga, ila nitakuelezea tu. Na usicheke sababu nakuita mwanangu na ndevu zangu bado za kuhesabu: muntu mwenye gari ilimupindukia anazeeka mbio.

Ile siku ya dimanche, naikumbuka mpaka leo. Famille ya Maman Anto, hapa Bruxelles, ni batu ba stock-car: yale magari mazee bila vioo, yanazunguka kiwanja kidogo cha udongo na kugongana kwa makusudi. Bwana yake njo alianza, fundi wa Likasi kule Congo. Akakufa, mutoto wake Tonton Freddy akashika usukani. Sasa Nadège, binti ya Freddy, anapita baba yake mbio. Maman Anto mwenyewe hajaendesha hata siku moja. Kazi yake ni kufunga dereva mikaba kwenye kiti. Alifunga bwana, akafunga mutoto, anafunga mujukuu. Mwingine hagusi.

Nilimulomba Tonton Freddy mpaka akachoka, akanipa gari ya zamani. Mimi nikavaa chemise, shati ya hariri, nyeupe kabisa, sababu bandugu ba salon ya nywele ya Galerie d'Ixelles walikuja kuniangalia. Maman akanivalisha casque, kofia ngumu ya mbio, akavuta mikaba mpaka pumzi ikanitoka.

—Maman, unanifunga sawa muhogo wa chikwangue ndani ya majani!

—Chikwangue haisemaka. Nyamaza.

Alipoenda, nikaangalia chemise: imekunjamana yote. Nikalegeza mikaba, kidogo tu, nipungie batu mukono vizuri.

Bon. Magari yako kwenye ligne, mashine zinanguruma, mwenye drapeau, bendera ya kuanza, ameinua mukono. Alors nikaona Maman Anto, na miaka makumi munane yake na kitambaa kichwani, anaingia kiwanjani mbele ya magari yote. Mukono wa drapeau ukashuka. Mashine moja ikazimika, na ingine, na ingine, mpaka nikasikia viatu vyake kwenye udongo. Wale Babelge wakubwa wakubwa, wenye kugombana na kila muntu, hakuna hata moja alipiga honi.

Nadège akapiga kelele toka gari ya pembeni:

—Umegusa mikaba? Ee Mungu, amegusa!

Maman akafika kwenye dirisha.

—Casque yako inacheza: mwili umelegea. Niliona toka kule.

Toka kule! Mimi na macho yangu ya kijana, numéro ya bus sioni mpaka inipite. Akavuta mikaba tena, akarudi polepole, na batu bote wakamungojea.

Kwenye kona ya pili nikagongwa. Gari ikapinduka, ikapinduka tena. Nikajikuta nimening'inia kichwa chini, udongo kwenye mudomo, toit, paa ya gari, imeshuka inagusa casque yangu. Na mwili haukutoka kwenye kiti hata kidole kimoja. Kama ningebaki vile nilijilegeza, shingo yangu ingeishia pale.

Donc sikia, mwanangu: kitu mwenye kukupenda amekufungia na mikono yake, usikilegeze sababu ya macho ya batu. Wale wa kuangalia watarudi kwao na tram. Ndani ya gari unabaki weye. Mungu akupe muntu wa kukuona toka mbali, na akupe akili ya kumusikia.

Jioni nikamuuliza:

—Maman, Nadège haumufungi nguvu vile. Juu ya nini mimi?

—Mwenye kuogopa anajishika yeye mwenyewe, akasema. Mwenye kucheka, njo namufunga nguvu.