Siku Tuliposimama Kuwa Elektroni

Sisi tuliosoma Bariadi miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia na malori yao, tunajua maana ya kujisomea. Mwalimu wetu wa Kemia alipata kazi kwa mnunuzi mmoja, akaondoka katikati ya muhula tukiwa kidato cha pili.

Mkuu wa shule akaja darasani. "Mwalimu mwingine hakuna. Ijumaa mmoja wenu anipangie elektroni za kalsiamu na kunieleza. Mkishindwa, Kemia naifuta kwenye ratiba."

Nilikuwa nimeshamwambia kila mtu kwamba nitakuwa muuguzi. Bila Kemia, uuguzi ningeusikia tu.

Rafiki yangu Mbuke, binti wa wafugaji wa Nkololo, alikuwa mkali wa hesabu. Kitabu kilikuwa kimoja, kurasa zimelainika kwa jasho la mikono. Tulichora maduara uwanjani kwa majivu ya jikoni, tukawasimamisha wenzetu ishirini, idadi ya elektroni za kalsiamu, jua linatuchoma utosini. Duara la kwanza wawili, la pili wanane, la tatu wanane, kama kitabu kilivyoonyesha. Wawili wakabaki nje, duara la nne, wanacheka.

"Si waingie la tatu? Linabeba hadi kumi na wanane!" mmoja akabisha.

Tulibishana mpaka michembe tuliyobeba ikaisha, viazi vikavu vile vya kutafunia taratibu. Mbuke ndiye aliyeling'amua jambo kitabuni: nafasi zilizobaki duara la tatu zinadai nishati kubwa kuliko nafasi za mwanzo za duara la nne, na elektroni huanzia penye nishati ndogo.

Ijumaa Mbuke akalala na malaria. Nikasimama mimi. Chaki ilikatika mara mbili.

"Mbona hukuweka kumi duara la tatu?" mkuu akauliza.

Nikamweleza kama Mbuke alivyotueleza, nikamtaja jina. Mkuu akazihesabu elektroni ubaoni kwa kidole.

"Kemia inabaki," akasema. Shangwe zetu zilisikika hadi sokoni!

Nyumbani baba, ambaye hakuwahi kuingia darasani, alinipa mkono kama mtu mzima. "Wabeja sana, ng'wanone," alisema. Asante sana, mwanangu. Sikulala kwa furaha.

Siku hizi binti wa dada yangu anaziona elektroni kwenye simu zikizunguka kwa rangi, nzuri kweli. Nilipomuuliza za kalsiamu zinapangwaje, akasema, "Subiri mama mdogo, bando limekata." Mimi ni muuguzi sasa. Nikachukua kalamu, nikamchorea.